Gari la Sponji na Mkono wa Mama Mkwe

Yule muuza magodoro ambaye mtaa mzima ulimwita Sponji alinunua gari akiwa amekwisha kuuvuka umri wa kutaka kuonekana. Mvi zilikuwa zimemwanza pembeni ya masikio, kitambi kilikuwa kimekubali kwamba hakiondoki tena, na duka lake lilijaa magodoro kuanzia sakafuni hadi darini, kiasi kwamba mteja akitaka kumsalimia ilibidi kwanza aulize yuko upande gani. Kwa miaka mingi alikuwa akisema gari ni homa ya vijana. Kisha asubuhi moja, akipita kwenye kiwanja cha magari ya mtumba kwa shughuli nyingine kabisa, akaliona moja la rangi ya damu ya mzee, jua limelipiga ubavuni, akasimama pale kama mtu aliyesikia anaitwa jina lake.

Muuzaji alimfungulia boneti amwonyeshe injini. Sponji hakuitazama injini. Aliinama kwenye mlango wa dereva, akauona uso wake wote umo ndani, hadi vinyweleo vya puani. Aliyelitumia kabla yake alikuwa mtu wa kutunza vitu, kwani rangi haikuwa na hata mkwaruzo mmoja. Sponji alirudi nalo nyumbani siku ile ile, akiendesha polepole hivi kwamba mwendesha baiskeli alimpita, akageuka nyuma na kumpungia mkono wa pole.

Mkewe alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa maneno machache yanayofika. Alilizunguka gari mara moja, akasema ni zuri, akauliza watakwenda nalo wapi. Mumewe akamjibu kwamba watatembea nalo mpaka wachoke. Hilo halikutokea.

Tatizo lilikuwa rangi. Tangu siku ile Sponji aligundua kwamba dunia nzima imeumbwa kwa vitu vyenye ncha. Kulikuwa na funguo, vifungo vya mikanda, zipu za mikoba, kucha za paka, matawi, na vijiwe vinavyorushwa na matairi ya watu wenye haraka isiyo na maana. Barabara ya kwenda dukani kwake ilijaa mikokoteni, na wabeba mizigo walipita na vyuma vya mapazia mabegani, wakigeuka ghafla kila waitwapo. Kwa hiyo alilaza gari nyumbani, akaenda kazini kwa miguu, funguo zikining'inia kidoleni. Majirani wakimuuliza kama limeishiwa mafuta, aliwajibu kwamba daktari amemshauri afanye mazoezi.

Jumamosi ilikuwa siku ya kuosha. Sponji alivua saa, akavua pete ya ndoa na kumkabidhi mkewe, akavaa suruali ya kamba isiyo na zipu wala kifungo. Mkewe alizoea kusema kwamba kila Jumamosi anaachika asubuhi na kuolewa tena mchana. Gari lilisogezwa kivulini, kwa sababu sabuni ikikaukia juani huacha madoa. Kwanza lilimwagiwa maji matupu ili vumbi liondoke lenyewe, maana kulisugua vumbi ni sawa na kupiga msasa. Kisha zikaja ndoo mbili, moja ya povu, nyingine ya kusuuzia kitambaa kabla hakijarudi kwenye povu. Alianzia juu akashuka chini, na kitambaa cha matairi hakikuruhusiwa hata kuanikwa kamba moja na kitambaa cha boneti. Mwisho alipaka nta, akaifuta kwa taulo laini kwa mwendo wa mtu anayembembeleza mtoto mchanga, mpaka gari likateleza hivi kwamba nzi aliyetua alihangaika kusimama.

Na kwa kuwa alikuwa mtu wa sponji, hakukosa pa kuzitumia. Alizivika nguzo za geti. Akauvika ukuta wa kushoto, mahali mlango wa abiria ungeweza kugusa, na ukuta wa kulia pia usione wivu. Tawi la mpera lililoning'inia upande wa nyuma alilifunga sponji kama mkono uliovunjika. Mgeni mmoja alipoingia uani kwa mara ya kwanza alimuuliza mwalimu kwa sauti ya chini kama nyumbani kuna mtu mwenye maradhi ya kuanguka. Mwalimu akamjibu kwamba ndiyo, yupo mmoja, ila yeye alianguka kwenye kiwanja cha magari.

Mambo yalikwenda hivyo mpaka mama yake mwalimu alipokuja kukaa nao.

Alikuja kwa ajili ya macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, na dunia kwake ilikuwa imegeuka ukungu wenye vivuli vinavyosalimia. Maisha yake yote ya kazi alikuwa msimamizi wa jiko la shule ya bweni, na waliosoma pale walikuwa bado wakiyasimulia masufuria yake, makubwa kiasi cha kumwogesha mtu mzima, yaliyong'arishwa hivi kwamba wasichana walijitazama humo wakichana nywele. Mama huyo hakuamini katika kitu kinachoitwa safi kidogo. Kitu kilikuwa safi au kilikuwa kichafu, na aliyeamua ni yeye. Sasa aliamua kwa viganja, kwa sababu macho yalikuwa yamestaafu.

Sponji alimheshimu sana mama mkwe wake. Alikwenda kumpokea stendi kwa gari, jambo ambalo hakuwa amemfanyia mtu mwingine yeyote. Lakini alipomwona anashuka na fimbo ya kutembelea yenye ncha ya chuma, damu ilimsimama. Siku hiyo hiyo jioni akaichukua fimbo ile kwa adabu, akaifunga kipande cha sponji nene pale chini kwa gundi ya dukani. Mama mkwe akaipapasa, akasema kwamba amezaa wana na wakwe anao wengine, lakini hakuna aliyewahi kuwaza kwamba yeye anaweza kuteleza. Aliwapigia simu ndugu wote kuwaeleza. Sponji alikaa pembeni akisikiliza sifa zake, akajitia hamnazo, akawa anatazama kucha.

Hospitalini walimwambia mama huyo kwamba jicho litafanyiwa upasuaji, ila kwanza presha ishuke. Apewe dawa, apumzike, arudi. Sasa mwambie apumzike mtu aliyewahi kuwalisha wanafunzi mia kadhaa kwa siku. Alikaa barazani na mikono yake mapajani, akasikiliza nyumba ya wengine ikifanya kazi. Akishika ufagio, mwanawe anamwambia aache. Akishika kisu, anaambiwa aache. Siku moja alimwambia mwalimu kwamba anajisikia kama mzigo ulioachwa stendi. Mwalimu alimkemea kwa upendo, lakini maneno yale yalimkaa moyoni.

Basi ikawa hivi. Mchana mmoja, mwalimu akiwa shuleni na Sponji dukani, mama mkwe alitembea uani kunyoosha miguu. Gari lilikuwa limevuliwa kava lake la kitambaa asubuhi lipate hewa. Akaliegemea kwa kiganja. Kiganja kikateleza. Akalipapasa boneti, akanusa vidole, akalipapasa tena. Mafuta. Gari zima lilikuwa na utelezi wa sufuria iliyooshwa na mtu mvivu kwa maji baridi. Akamfikiria mkwe wake mpole, aliyeitengeneza fimbo yake, jinsi anavyohangaika kila Jumamosi bila mtu wa kumwambia kwamba mafuta hayajatoka. Akaingia jikoni. Akatoka na beseni, sabuni ya unga, majivu kidogo, na waya wa kusugulia sufuria.

Sponji alirudi mapema siku hiyo kuja kula. Alipofika getini alisikia sauti ambayo mwili wake uliielewa kabla ya akili. Alimwona mama mkwe ameinama juu ya boneti, mikono ya gauni imekunjwa, anasugua kwa miduara midogo yenye nguvu, mmoja juu ya mwenzake, bila kuruka mahali, kama alivyosugua masufuria kwa miaka thelathini. Milango ya upande mmoja ilikuwa imekwisha. Kava lilikuwa limekunjwa vizuri pembeni.

Mama aliposikia hatua alisimama.

"Ni mkwe?"

"Ni mimi, mama."

"Gari lako lilikuwa na mafuta, baba. Yamegandamana. Nimejua tu, mwanamume akiosha kitu anapitisha maji juu juu. Hebu pitisha mkono."

Sponji akapitisha mkono. Rangi ilimlilia chini ya vidole, kwi kwi kwi, kama sahani.

"Umesikia?" mama akauliza.

"Nimesikia, mama."

"Hiyo ndiyo sauti ya kitu safi."

Sponji alifungua mdomo. Alikuwa na maneno mengi, yote yanataka kutoka kwa pamoja, na hakuna hata moja linaloambiwa mama mkwe. Akajikaza kisabuni, akasema, "Asante sana, mama." Kisha akaingia chumbani, akafunga mlango, akachukua mto aliouchagua mwenyewe dukani kwa ubora wake, akaung'ata.

Mwalimu alipofika alimkuta pale. Mumewe alimweleza kwa ufupi, uso ukutani. Mwalimu alitoka kwenda kujionea akiwa amejiandaa kucheka, maana kwa muda mrefu alikuwa akingoja gari lile lipate adabu. Lakini alipoliona hakucheka. Lilikuwa limefifia, limejaa viduara vya weupe kama kioo kilichopumuliwa. Alirudi chumbani, akaketi kitandani.

"Umemwambia?"

"Nimemshukuru."

Mwalimu akatikisa kichwa taratibu. "Nimepita jikoni sasa hivi, anaimba," akasema. "Tangu aje sijamsikia akiimba. Ukitaka kwenda kumwambia, nenda. Mimi siendi."

Sponji hakwenda.

Siku ya pili yake alilipeleka gari kwa fundi wa rangi, akidanganya nyumbani kwamba linabadilishwa oili. Fundi huyo alikuwa mtu mwembamba mwenye madoa ya rangi mpaka kwenye kope, na alilikagua gari kwa tochi mchana kweupe, akipiga magoti, akinyanyuka, akipiga magoti tena. Mwishowe akasema kwamba huyo adui aliyemfanyia hivi ana bidii sana, hajawahi kuona mtu anakwaruza kwa mpangilio namna hiyo. Sponji akamwambia si adui, ni mama mkwe. Fundi akavua kofia.

Kulipaka gari zima kulihitaji nafasi, na karakana yake ilikuwa imejaa magari ya watu yaliyotangulia. Kwa sasa angeweza kulisugua boneti kwa mashine na polishi, kuipunguza ile mikwaruzo ya juu juu, na kulipaka nta. Sponji akakubali shingo upande. Boneti likatoka linawaka, ingawa lilifanya sehemu nyingine za gari zionekane kama jamaa zake maskini. Alirudi nalo nyumbani akiwa na faraja kidogo, na hakukumbuka kabisa kwamba mtu mmoja nyumbani kwake huona kwa viganja.

Mama mkwe alilikuta asubuhi. Alilipapasa boneti, akaguna. Mafuta yamerudi. Alimwambia mwanawe kabla hajaondoka kwenda shuleni kwamba hao wanaobadilisha oili wamelishika gari kwa mikono michafu, lakini asijali, atalishughulikia. Mwalimu alipata kikohozi cha ghafla, akamtazama mumewe aliyekuwa anakunywa chai, naye mumewe akamtazama yeye, na kila mmoja alimngoja mwenzake aseme. Kengele ya shule haingoji mtu, mwalimu akachukua mkoba wake akaondoka.

Sponji alibaki nyumbani makusudi. Alipanga maneno sebuleni, akitembea huku na huko. Angesema kwamba wataalamu siku hizi wanashauri gari liachwe na mafuta kidogo. Angesema kwamba daktari amekataza asiiname. Hilo la pili lilimpendeza, likampa nguvu, akatoka nje akiwa amepiga moyo konde.

Mama mkwe hakuwa ameinama. Boneti lilikwisha zamani. Alikuwa amesimama juu ya stuli ya jikoni, anasugua paa, na stuli ile ilikuwa na mguu mmoja mfupi.

"Usijali, baba," akasema aliposikia hatua, "sijachoka."

Stuli ikayumba. Maneno yote aliyoyapanga Sponji yakaruka kama ndege. Aliikimbilia stuli, akaishika kwa mikono miwili, akaikaza kwa goti, na akakaa pale chini muda wote, shavu karibu na mlango wake mpendwa, majivu yakimdondokea kichwani, wakati mama mkwe wake akilimaliza paa kuanzia mbele hadi nyuma. Mara moja mama alimwomba amsogezee stuli upande wa kulia kidogo. Akamsogezea.

Wiki iliyofuata presha ilishuka. Hospitali ikapanga siku, na nyumba nzima ikafurahi. Ni mwalimu aliyeacha kufurahi kwanza. Alikuwa anasahihisha madaftari mezani, kalamu ikasimama hewani.

"Ataona," akasema.

Mumewe akasema ndiyo, alhamdulillahi, ataona.

"Ataliona gari."

Sponji akaketi. Hapo ndipo, kwa mara ya kwanza tangu alinunue gari lile, alipotaka rangi ipone kwa ajili ya mtu mwingine. Hakulala vizuri tena. Alimwendea fundi wa rangi mara tatu, akamsihi, akampaka mafuta kwa mgongo wa chupa, akamwahidi godoro la kulalia watu wawili. Fundi akasema godoro analihitaji sana, lakini ndani kuna basi dogo lililovuliwa rangi yote na haliwezi kutolewa nje likiwa uchi. Angojee mwisho wa mwezi. Upasuaji ulikuwa katikati ya mwezi.

Basi mume na mke wakala njama. Gari lingefunikwa kwa kava na kufungwa kamba. Mama angechukuliwa hospitalini kwa teksi, aambiwe kwamba gari lina tatizo la betri. Na kwa kuwa ni jicho moja tu lingefanyiwa upasuaji kwanza, walijipa moyo kwamba jicho moja huenda lisingekuwa na udadisi mwingi.

Jicho lile lilikuwa na udadisi wa macho manne. Siku kitambaa kilipoondolewa, mama mkwe aliwatazama waliosimama mbele yake mmoja mmoja. Alimwambia mwanawe kwamba amepungua, anakula nini. Alimwambia Sponji kwamba kumbe ana mvi, na kumbe amenenepa, sauti yake imebaki ya mtu mwembamba. Kwenye teksi alisoma mabango yote ya barabarani kwa sauti, hata ya kuuza kokoto. Mwalimu alikuwa akilia kimyakimya kwa furaha, na Sponji naye alitaka kulia, ila kwa sababu zilizochanganyika.

Walipoingia getini mama alisimama akatazama sponji zilizovikwa ukutani. Akatazama mpera wenye bendeji. Akasema, "Sasa nataka nione kazi yangu."

Sponji alisema kuna vumbi. Akasema kamba imekaza. Akasema daktari amesisitiza apumzike kwanza. Mama mkwe alikwisha kufika kwenye gari. Alivuta fundo moja, kamba ikalegea, akavuta kona ya kava, na kava lile la kitambaa laini, lililochaguliwa kwa sababu halishiki, likateleza lote likaanguka chini.

Palikuwa na jua. Viduara vyote vilionekana, maelfu kwa maelfu, toka boneti hadi buti, na kwenye paa pia.

"Nani kalifanyia hivi?" mama akauliza.

"Watoto wa mtaani," akasema Sponji, haraka mno. Mwalimu alitazama juu, akawa anakagua mawingu.

Mama alisogea, jicho lake jipya karibu kabisa na mlango. Alifuata viduara vile kwa kidole bila kugusa. Vilikuwa vidogo, vimebanana, kila kimoja kimelala juu ya mwenzake, na mwisho wa kila mstari palikuwa na mvuto mmoja mrefu wa kufungia. Alivitazama kama mtu anayesoma barua.

"Mkono huu naujua," akasema.

Mama akaketi kwenye ngazi ya baraza.

"Yale mafuta yalikuwa nini?"

"Nta, mama," Sponji akasema, sauti imezama. "Hupakwa kuilinda rangi."

"Isipate nini?"

"Isipate mikwaruzo."

Mabega ya mama mkwe yakaanza kutikisika. Mwalimu alimkimbilia akidhani analia, maana walikuwa wameonywa kwamba jicho lisisumbuliwe. Hakuwa analia. Alikuwa anacheka, ameshika mbavu, amejiziba mdomo kwa kanga, na kila alipolitazama gari alianza upya, mpaka mwanawe naye akashindwa, akaketi pembeni yake, wakacheka pamoja kama wasichana wa bweni. Sponji alisimama mbele yao, hajui aiweke wapi mikono.

Mama alipopata pumzi alifuta uso, akawa mkali ghafla, mkali wa msimamizi wa jiko.

"Mara ya kwanza sikulaumu, ulikuta nimekwisha anza. Lakini mara ya pili ulinishikia stuli. Mtu mzima, mwenye ulimi, unanishikia stuli nikuharibie gari?"

"Niliogopa utaanguka, mama."

Mama alimtazama kwa jicho lile moja, muda mrefu kuliko alivyolitazama gari. Kisha akamwambia mwanawe aende akaweke chai, na akamwambia mkwe wake aketi, pale pale kwenye ngazi, mahali mwanawe alipotoka.

Mwisho wa mwezi fundi wa rangi alipata nafasi, na mama mkwe alishika njia kwenda na mkwe wake karakana. Hakuna aliyemwalika. Alikaa kwenye kopo la rangi lililogeuzwa, akasimamia kazi tangu gari linasuguliwa kwa msasa mpaka linapulizwa, na lilipokauka akalizunguka polepole na kumwambia fundi kwamba mlango wa nyuma kushoto una chozi la rangi iliyotiririka. Fundi akasema hakuna. Akaambiwa alete tochi. Chozi lilikuwepo, dogo kama punje ya ulezi, na mlango ukarudiwa. Fundi alimwambia Sponji kando kwamba godoro lile angelipokea, ila mama huyo asije tena.

Jicho la pili nalo likafunguliwa, na hapo Sponji akaanza kuteseka kwa namna mpya. Jumamosi mama mkwe alikuwa wa kwanza uani. Alikuwa ameuliza kila kitu kuhusu nta, vumbi, kivuli na ndoo mbili, na mambo yale yalimwingia kuliko yalivyowahi kumwingia mwenye gari. Alimwambia mkwe wake kwamba maji yake ya kusuuzia hayabadilishwi mapema. Alimwambia taulo lake limekuwa gumu. Aliona alama ambazo Sponji, hata akivaa miwani, hakuziona, akazikubali kwa heshima tu. Jumatano akaanzisha ukaguzi wa katikati ya wiki.

Sponji alivumilia, kisha akafanya kitu ambacho hakuna aliyekitarajia. Akaanza kwenda na gari kazini. Alisema ni kwa sababu ya magoti. Ukweli ni kwamba alitaka kupumua. Aliliegesha mbele ya duka, katikati ya mikokoteni na vyuma vya mapazia, na siku za kwanza alikaa mlangoni roho mkononi, akishindwa hata kumjibu mteja bei. Baada ya hapo akawa anasahau kutoka kulitazama. Siku moja akajikuta amelala fofofo juu ya godoro la maonyesho, na gari liko nje peke yake na dunia.

Mwalimu alilitumia gari hilo kwenda kumwona rafiki yake, kisha kwenda sokoni, kisha bila sababu. Shule zilipofungwa, watoto wao wawili waliokuwa bweni walifuatwa kwa gari na kurudi wanakula njugu ndani yake, makombo mpaka chini ya kiti, na baba yao aliendesha akiwasimulia habari za stuli. Waliomba wasimuliwe tena.

Mama mkwe aliporudi kwake walimpeleka wao wenyewe, safari ndefu, sehemu ya mwisho ikiwa ya vumbi, yeye amekaa mbele akimwonyesha dereva mashimo kabla hayajafika. Majirani zake walijaa kumlaki, wakaliegemea gari, na kijana mmoja akaanza kuandika jina lake kwa kidole kwenye vumbi la buti. Mama alimshika mkono katikati ya herufi. Aliwaambia wote warudi nyuma, vumbi hilo ni msasa, kisha akaagiza ndoo mbili na kitambaa laini, akakunja mikono ya gauni.

Sponji aliletewa kiti kivulini na chai ya moto. Mkewe aliyeketi kando yake alimuuliza kama haendi kusaidia. Sponji akanyoosha miguu, akapuliza chai yake, akasema hapana, leo yeye ni mgeni. Mara moja tu alitaka kunyanyuka, pale mama mkwe alipoitisha stuli. Lakini alimwona mtu mwingine ameishika, akaegemea kiti chake tena.